Linki Haifunguki: Barua ya Wazi kwa Wenye Funguo za Seva

Kwa: Mamlaka ya Serikali Mtandao, Dodoma
Nakala: Wakurugenzi na Maafisa TEHAMA wa Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga, Halmashauri ya Mji wa Mbinga na Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa

YAH: VIUNGO VINAVYOKATIKA KWENYE TOVUTI ZA UMMA

Waheshimiwa,

Barua hii inaanzia steshenari, maana ndiko wananchi wengi wa mwambao wa Nyasa wanakokutana na serikali mtandao. Chumba ni kimoja, kompyuta mbili, printa inayotafuna karatasi, na kijana anayejua nywila za nusu ya mtaa. Mama anaingia ameshika simu ya mwanawe. Kijana anasimama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nitolee hii, majina ya walioitwa kwenye usaili.”

Linki imefika kwa WhatsApp, imepita makundi manne kabla ya kufika kwake. Kijana anaibonyeza. Ukurasa mweupe unafunguka, katikati yake namba 404. Anabonyeza mara ya pili, anazima data, anawasha, anabonyeza tena. “Mtandao leo mbovu, mama. Pitia jioni.” Mama anarudi jioni. Namba ni ileile.

Kisa hiki hakitajwi tarehe wala ofisi kwa sababu hakina moja. Hutokea Mbamba Bay, hutokea Mbinga mjini, hutokea Songea kwenye mtandao wenye kasi kuliko huko kote. Na jibu la kijana lina huruma, ila si la kweli. Mtandao ungekuwa mbovu, namba 404 isingeonekana kabisa. Namba hiyo ni jibu la seva yenyewe: ombi limetoka kwenye simu, limesafiri hadi lilikotumwa, limegonga mlango, na aliye ndani amesema kitu hicho hapa hakipo. Barabara ni nzima. Kilichokosekana ni mzigo.

Mtandao mbovu Watanzania wanaujua. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikayumba, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Siku ile kivinjari hakikuleta 404. Kilizunguka weee, mwisho kikasema hakiwezi kufika. Tofauti kati ya “sijafika” na “nimefika, hakuna kitu” ndiyo hatua ya kwanza ya kutafuta ubovu wa kiungo, na haihitaji shahada wala ruhusa ya mtu. Namba nazo si nyingi. 403 ina maana kitu kipo lakini seva imekataa kukitoa, mara nyingi kwa sababu ya ruhusa za faili au folda. 500 ina maana seva yenyewe imejikwaa ikiwa kazini. Anayeijua namba anajua aende kwa nani. Asiyeijua atasema “tovuti haifanyi kazi”, na hapo mazungumzo yote yanaharibika.

Yanaharibikaje? Afisa TEHAMA wa wilayani anapiga simu makao makuu. “Habari ya kazi kaka. Tovuti yetu haifunguki.” “Salama ndugu yangu. Huku kwetu inafunguka vizuri tu.” Wote wawili wanasema kweli. Ukurasa wa mbele unafunguka. Kilichokufa ni faili moja ndani yake, na hakuna aliyelitaja kwa anwani. Simu inakatwa, kila mmoja akimwona mwenzake si mtu wa kazi.

Haki itendeke: mpangilio huu wa afisa kuwa wilayani na seva kuwa mikononi mwa wengine haukuja kwa bahati mbaya. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza mwaka 2012, ikawa Mamlaka kwa Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya mwaka 2019. Kabla ya mfumo wa pamoja tovuti za umma zilikuwa kama vibanda vya gulio: kila taasisi na fundi wake, seva ya kukodi ughaibuni, na fundi akihama anaondoka na nywila. Machi 2017, tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa Dodoma kwa mfumo wa pamoja, zikisaidiwa na PS3, Mradi wa Uimarishaji wa Mifumo ya Sekta za Umma uliofadhiliwa na USAID. Sura zikafanana, anwani zikafuata utaratibu mmoja wa go.tz, na afisa wa halmashauri akapewa dirisha la kuweka habari, picha na matangazo. Seva yenyewe ikabaki mikononi mwa wachache.

Mwandishi wa barua hii hana ugomvi na ufunguo kubaki kwa wachache. Seva inayobeba ofisi nyingi ikiachiwa kila mwenye nywila aparamie anapotaka, kosa la mmoja linaangusha wote, na wadukuzi hawana simile. Ugomvi uko kwenye mpaka: nini kimefungwa kwa sababu za usalama, na nini kimefungwa tu kwa sababu hakuna aliyefikiria kukifungua.

Mfano mzuri upo kwenye anwani za mafaili. Tovuti nyingi za halmashauri zilizojengwa kwa mfumo ule huweka PDF chini ya njia inayosomeka storage/app/uploads/public, kisha vinafuata vijifolda vitatu vyenye herufi tatu tatu, kisha jina la faili ambalo ni mkururo wa herufi na tarakimu usiotamkika. Wengi hudhani ni takataka. Si takataka. Vijifolda vile vitatu ni herufi tisa za mwanzo za jina lenyewe la faili, zimekatwa vipande ili folda moja isijae kupita kiasi. Na jina limetokana na saa. Herufi nane za mwanzo ni hesabu ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, iliyoandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, ule unaohesabu 0 hadi 9 kisha a hadi f. Faili linaloanza na 58d lilipandishwa kati ya tarehe 20 Machi na 1 Aprili 2017, siku zilezile za uzinduzi wa Dodoma. Linaloanza na 65 ni la kati ya Septemba 2023 na Machi 2024. Yaani anwani inabeba cheti chake cha kuzaliwa, na kijana wa steshenari akifundishwa kukisoma atamwambia mama bila kubahatisha kama tangazo alilotumiwa ni la mwaka huu au ni la zamani lililofufuliwa na WhatsApp.

Sasa tatizo. Tangazo limetoka asubuhi na kosa: jina la mtu limerukwa, au tarehe ya usaili imekosewa. Afisa, kwa nia njema, anafuta PDF ya kwanza na kupandisha iliyosahihishwa. Kwa kuwa jina linatokana na saa, faili jipya linapata jina jipya. Kwenye ukurasa wa halmashauri kila kitu ni shwari: kichwa cha habari kilekile, kitufe kilekile cha kupakua. Lakini linki iliyokwisha kusambaa Lituhi, Liuli na Chiwanda inaelekea kwenye jina la kwanza, nalo limefutwa. Aliyefanya kazi yake vizuri, akasahihisha kosa, ndiye aliyewakatia watu njia. Naye hajui, kwa sababu anapojaribu anapitia ukurasa wa mbele, na huko hakuna kilichokufa.

Dawa ya muda ipo, na haigusi seva. Isambazwe anwani ya ukurasa wa tangazo, siyo ya faili. Ukurasa ukibaki, faili lililo ndani yake linaweza kubadilishwa mara kumi na mama wa Ngumbo atalipata lile la mwisho. Afisa asifute toleo la kwanza kabla ya kuweka la pili, na kama lazima lifutwe basi ujumbe wa marekebisho uende kwenye makundi yaleyale. Hizi ni tabia tu, na zinaweza kuanza kesho.

Makosa mengine ni ya nyumbani zaidi, hasa kwa vyuo, hospitali na vyama vya ushirika vinavyopewa kijinafasi kwenye seva ya mtu mwingine na kuandika kurasa zao wenyewe. Ukurasa umeandikwa kwenye kompyuta ya Windows, ambayo haijali herufi kubwa na ndogo. Faili linaitwa Bei_Kahawa.PDF, kiungo kinasema bei_kahawa.pdf, na kwenye meza ya mwandishi linafunguka kama mlango wa jirani. Likipelekwa kwenye seva ya Linux, ambayo kwake B na b ni watu wawili tofauti, linaleta 404. Mtu anaapa kwamba jana lilikuwa linafunguka. Ni kweli lilikuwa linafunguka, kwake. Nafasi kati ya maneno nayo ni mtego: kivinjari huigeuza kuwa %20, na ujumbe wa simu huikata linki palepale kwenye nafasi, nusu ya anwani ikawa bluu na nusu ikabaki nyeusi. Halafu kuna nukta. Mwandishi mwenye nidhamu ya sarufi anamaliza sentensi yake kwa nukta mara tu baada ya linki, na baadhi ya programu za simu huibeba nukta hiyo kama sehemu ya anwani. Tangazo lililochapwa na kubandikwa ubaoni lina yake: nani atajua kama ile ni 0 ya tarakimu au O ya herufi?

Kiungo cha hatari kuliko vyote ni kile kinachofunguka ofisini tu. Kinaanza na tarakimu kama 192.168 au 10, anwani ya ndani ya mtandao wa jengo, au kinaanza na C: kwa maana kimeelekezwa kwenye diski ya kompyuta ya mwandishi. Ofisi nzima itakibonyeza na kukisifia. Nje ya geti hakina maana. Ndiyo maana afisa mzoefu hajaribu kazi yake kwa Wi-Fi ya ofisi. Anatoka nje, anazima Wi-Fi, anatumia bando lake mwenyewe kwenye simu ambayo haijawahi kufungua ukurasa huo, kwa sababu kivinjari cha kompyuta yake kinaweza kuwa kinamwonyesha nakala ya jana kilichoitunza. Bando ni la mfukoni mwake, na hilo nalo wakurugenzi walitazame.

Hayo yote yako mikononi mwa waliopo wilayani. Yanayofuata hayako.

Majina hubadilika, na huku Ruvuma watu wanalijua hilo vizuri. Sensa ya mwaka 2002 ilizihesabu Liuli na Mbamba Bay ndani ya Wilaya ya Mbinga. Sensa ya 2012 ilizikuta ndani ya Nyasa, wilaya iliyozaliwa mwaka huohuo. Nyuma zaidi, Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe la Pomonda linalojichomoza ziwani, na ni hapo ambapo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliifyatulia risasi meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Msafiri mwenye ramani ya zamani akiteremka leo Mbamba Bay na kuuliza Sphinxhafen ilipo, atapata mzee wa kumwambia: siku hizi panaitwa Liuli, panda gari lile pale. Hatarudishwa Songea kwa kuambiwa mahali hapo hapajawahi kuwapo.

Seva nayo inaweza kufanya kazi ya mzee huyo. Kuna jibu namba 301, linalosema kitu ulichokiomba kimehamia hapa moja kwa moja, na kivinjari kinakwenda chenyewe bila mtumiaji kuhangaika. Ni mstari mmoja wa maandishi. Lakini huandikwa ndani ya seva, mahali ambapo afisa wa wilayani hafiki.

Kuhama kwenyewe si kwa kubahatisha. TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ilipokuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, anwani yake ilikuwa pmoralg.go.tz, kifupi cha jina la Kiingereza kilichombeba Waziri Mkuu ndani yake. Mwaka 2015 TAMISEMI ikahamia Ofisi ya Rais, na herufi zile zikawa uongo. Leo anwani ni tamisemi.go.tz. Kila barua, kitini na tasnifu iliyochapwa enzi za pmoralg inaelekeza kwenye jina lililostaafu. Mwaka 2023 ununuzi wa umma ulihama kutoka mfumo wa TANePS kwenda wa NeST, na kila tangazo la zabuni lililowaambia wazabuni wajisajili kwenye mfumo wa awali likabaki linaonyesha kibao cha duka lililohama. Mabadiliko yote mawili yalikuwa na sababu zake. Yote mawili pia yalijulikana kabla hayajatokea, na palikuwa na muda wa kuweka kibao cha “tumehamia”.

Kosa hili si la Tanzania peke yake. Utafiti wa Pew Research Center wa Marekani uliotolewa Mei 2024 ulikuta kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mtandaoni mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka 10 baadaye, na kwamba asilimia 21 ya kurasa za serikali walizozichunguza zilikuwa na angalau kiungo kimoja kilichokufa. Kisha, tarehe 1 Februari 2025, tovuti ya USAID ikazimika. Iliporudi siku chache baadaye ilikuwa na tangazo la kuwapeleka watumishi likizo, basi. Ndiyo USAID ileile iliyofadhili PS3. Aliyezoea kuelekeza wasomaji kwenye ripoti za mradi zilizohifadhiwa kule akaamka na rundo la linki zisizokwenda popote. Waliookoka ni waliokuwa na nakala yao, au waliokuta kurasa hizo zimehifadhiwa na Internet Archive ya San Francisco, ambayo tangu 1996 inaokota kurasa za dunia nzima na kuziweka kabatini.

Tim Berners-Lee, aliyeubuni mfumo wa tovuti, aliandika mwaka 1998 makala nzima kueleza kwamba anwani nzuri haibadiliki, na kwamba anayeibadilisha ni mtu, si mashine. Hoja yake haijazeeka. Jina la ofisi, jina la programu, jina la waziri na kitengo visiingizwe kwenye anwani, kwa sababu ndivyo vitakavyobadilika kwanza.

Sheria nayo inagusa suala hili. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku 30. Ofisi inayojibu kwa kusema “ipo kwenye tovuti” imejibu kweli pale tu kiungo kinapofunguka. Kikiwa kimekufa, mwananchi amepewa namba 404 kwa muhuri wa serikali. Mwandishi hajui tafsiri gani ya sheria inayoweza kuiita hiyo taarifa.

Kwa hiyo Mamlaka inaombwa mambo machache, na kubwa kuliko yote ni daftari la kuhama. Ndani ya dirisha lilelile la kuweka habari, afisa wa halmashauri apewe ukurasa wa kuandika anwani ya zamani upande mmoja na anwani mpya upande wa pili, basi. Seva ifanye kazi ya 301 yenyewe. Ili wadukuzi wasiligeuze kuwa mtego, daftari likubali tu anwani za tovuti ambazo jina lake linaishia .go.tz. Hakuna nywila ya seva inayotolewa, hakuna amri inayoandikwa, na anayebofya vibaya ataharibu kiungo chake mwenyewe tu. Pamoja na hilo, kuwe na kitufe cha kubadilisha faili bila kubadilisha anwani yake, ili kusahihisha tangazo kusiwe sawa na kulificha.

La pili ni macho. Seva huandika kila ombi lililoshindikana: anwani iliyoombwa, saa, na mara nyingi ukurasa alikotokea mwombaji. Afisa wa Mbamba Bay hahitaji kuiona kumbukumbu yote, ambayo ina mambo ya watu. Anahitaji kuletewa kila Jumatatu orodha ya anwani 20 za halmashauri yake zilizoleta 404 kwa wingi wiki iliyopita. Orodha hiyo itamwambia kilichomsumbua mama wa steshenari kabla mama hajachoka kurudi.

Na ukurasa wa 404 wenyewe uzungumze Kiswahili cha watu. Useme tangazo hili limehama au limeondolewa, uweke kisanduku cha kutafutia na namba ya simu ya ofisi. Ukurasa mweupe wenye namba ya kifundi humfanya mtu aamini kwamba kosa ni la simu yake.

Maafisa TEHAMA wa halmashauri tatu nao waache simu za “tovuti haifanyi kazi”. Taarifa inayofanyiwa kazi ina anwani nzima iliyonakiliwa, siyo iliyosimuliwa. Ina namba ya kosa, saa na dakika, mtandao uliotumika, picha ya skrini, na maneno mawili ya kusema kama kiungo kinakataa kote au sehemu moja tu. Fundi aliyeko Dodoma akipokea hiyo anaweza kuitafuta saa ileile kwenye kumbukumbu za seva. Asipoipata, ombi halikumfikia, na hapo ndipo lawama ya mtandao ina haki ya kuanza. Na wenye steshenari wa Mbinga, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ambao ndio mafundi wa kwanza wa serikali hii bila mshahara wake, wanaombwa kitu kimoja: linki ikikataa, kabla ya kumwambia mteja apitie jioni, waisome namba iliyoandikwa, waipige picha pamoja na anwani iliyo juu yake, na waitume halmashauri siku hiyohiyo.

Wenu mtiifu,
Mwandishi, kwa niaba ya wanaosubiri steshenari